Shiti inasema nina 11,400, mfukoni sina kitu

Swali: Hujambo mhasibu? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, naishi Nyalenda. Mshahara unaonifikia mkononi ni 38,200. Jumapili nauza mitumba soko la Kibuye, tena niko kwenye chama cha akina mama kumi, tunachanga 2,000 kila baada ya wiki mbili. Mtoto wangu yuko sekondari ya bweni. Nimejaribu mara tatu kutengeneza shiti ya pesa zangu kwenye kompyuta na zote tatu nimeziacha njiani. Ya mwisho ilinionyesha kwamba mwezi wa tatu umeisha na nimebaki na 11,400, na siku hiyo hiyo simu ilikuwa inasoma sifuri. Nimekutumia shiti yenyewe na taarifa ya M-Pesa ya mwezi huo. Nimekosea wapi, na nitengeneze vipi nyingine ambayo itadumu?

Jibu: Sijambo, Mwalimu. Asante kwa kunitumia karatasi zenyewe. Wengi huniandikia tu kwamba wanataka fomula, na bila kuona namba zao huwa nabahatisha. Nimekaa na shiti yako na taarifa ya M-Pesa jioni mbili hapa Nakuru, nikiweka alama mstari kwa mstari, na zile 11,400 nimezipata zote. Nitaanza kwa kukueleza zilikuwa zimejificha wapi, maana shiti mpya inajengwa kwa kuziba mashimo hayo hayo.

Uliandika mapato 82,800: mshahara 38,200, mauzo ya Kibuye 24,600 na 20,000 za chama zamu yako ilipofika. Matumizi ukaandika 71,400. Hesabu ya kutoa haina kosa. Ila shilingi 2,300 uliziandika na hazikujumlishwa. Fomula yako ya jumla inaishia mstari wa 30, na siku za mwisho wa mwezi uliongeza mistari mitatu chini yake: gesi 1,250, tokeni za stima 500, dawa ya mtoto 550. Fomula haikuiona.

Kosa hili limewapata watu wakubwa. Mwaka 2010 wanauchumi wawili mashuhuri wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa utafiti kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi ambao wanasiasa wa nchi nyingi waliutegemea. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alifungua lahajedwali yao na, pamoja na kasoro nyingine, akakuta fomula ya wastani imeacha nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Zilikuwepo kwenye ukurasa, zimeandikwa vizuri, ila fomula iliishia kabla ya kuzifikia. Shiti ikikosea hainyanyui mkono. Inakuonyesha namba safi kabisa, na wewe unaiamini.

Shilingi 937 zilikwenda kwa gharama za kutuma, kutoa na kulipia kwa simu. Kwenye taarifa ya M-Pesa kila gharama ina mstari wake chini ya muamala uliosababisha, lakini wewe uliandika miamala mikubwa tu. Shilingi 3,863 zilikuwa deni la mwezi wa pili la Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa salio likipungua. Ulipohamisha mshahara kwenda kwenye simu, deni lilikatwa hapo hapo kabla hujagusa chochote, na kwenye shiti yako halina hata nafasi ya kuandikwa. Zilizobaki, 4,300, ni pesa ulizotoa kwa wakala zikageuka noti, na noti zikaisha kwa tuktuk, nyanya, maandazi ya asubuhi, sadaka na mia moja za hapa na pale. Jumlisha hizo nne: 11,400 bila kuzidi wala kupungua shilingi.

Unasema uliacha shiti mara tatu, na barua yako ina sauti ya mtu anayejilaumu kwa uvivu. Nimesaidia watu wengi na kazi hii, wa mishahara na wa vibanda, na mvivu nimekutana naye mara chache sana. Mtu huacha shiti siku inapomwambia jambo analojua kwa macho yake kwamba si kweli. Ilikuambia una 11,400, simu ikakuambia huna kitu. Ukaiamini simu, na ulifanya sawa. Kwa hiyo shiti mpya itakuwa na kazi moja iliyo mbele ya nyingine zote: kila wiki salio lake likubaliane na salio halisi la simu, benki na pochi, hadi shilingi ya mwisho. Rangi, grafu na asilimia zitakuja baadaye kama utazitaka.

Shiti zako zote tatu zilichorwa kama ukuta wa ofisi: miezi juu, vitu pembeni, na kwenye kila kisanduku unaandika jumla uliyoifanya kichwani. Mchoro huo ni mzuri kutazama, ila ni mbaya wa kuandikia. Ukishaandika "chakula 9,600", hujui tena zilitokea wapi, siku gani, kwa simu au kwa noti, na likitokea kosa huna pa kuanzia kulitafuta. Tenganisha pa kuandikia na pa kusomea. Pa kuandikia ni ukurasa mmoja tu, uite Miamala, na kila pesa inayosogea inapata mstari mmoja. Hakuna nafasi za kupumzika kati ya wiki na wiki, hakuna jumla katikati, hakuna visanduku vilivyounganishwa, na miezi yote inakaa humo humo. Aprili inafuata Machi chini yake, mwakani inafuata mwaka huu.

Safu ni sita: tarehe, akaunti, kiasi, aina, robota (lile furushi la mitumba unalonunua), maelezo. Jumapili moja ya Kibuye ingeonekana hivi:

12/4 | M-Pesa | -100 | Nauli | | tuktuk
12/4 | Taslimu | 5,400 | Mauzo | R3 | Jumapili ya kwanza
12/4 | Taslimu | -4,000 | Hamisho | | kuweka kwa wakala
12/4 | M-Pesa | 4,000 | Hamisho | | kuweka kwa wakala

Tazama safu ya kiasi. Pesa inayoingia haina alama, inayotoka ina alama ya kutoa, na zote zinakaa safu moja. Wengi hupenda safu mbili, ya kuingia na ya kutoka, kama kitabu cha benki. Mimi nimeziacha, kwa sababu ikiwa ni safu moja, salio la akaunti yoyote ni kujumlisha tu, na kompyuta haina nafasi ya kuchanganyikiwa.

Tazama pia mistari miwili ya mwisho. Ulipoweka 4,000 kwa wakala hukupata pesa wala hukutumia, umezitoa mfuko mmoja ukazitia mwingine. Aina yake ni Hamisho, na hamisho siku zote lina mistari miwili yenye kiasi kilekile, mmoja wa kutoa na mmoja wa kuingiza. Ukitoa noti kwa wakala ni vivyo hivyo, ila gharama ya kutoa inapata mstari wa tatu wenye aina ya Gharama za simu. Mahali popote kwenye ukurasa mwingine andika hii:

=SUMIFS(Miamala!C:C,Miamala!D:D,"Hamisho")

Jibu lake lazima liwe sifuri. Likiwa -4,000, kuna hamisho uliloandika mguu mmoja. Fomula hiyo imenifaa kuliko grafu yoyote niliyowahi kuchora. Na umeona nimeandika C:C, yaani safu nzima kutoka juu hadi chini kabisa? Hiyo ndiyo dawa ya ile jumla iliyoishia mstari wa 30. Ongeza mistari elfu, itaiona.

Ukurasa wa pili uite Akaunti. Safu ya A ina majina ya mahali pesa zako zinapoweza kukaa: Benki, M-Pesa, Taslimu, Karo, Chama, Fuliza. Safu ya B ina salio la siku ya kuanzia, uliloliona kwa macho. Safu ya C shiti inajihesabia yenyewe:

=B2+SUMIFS(Miamala!$C:$C,Miamala!$B:$B,A2)

Safu ya D unaandika salio halisi leo: fungua simu, soma, andika, hesabu noti za pochi, andika. Safu ya E ni =D2-C2. Huo ndio moyo wa shiti nzima. Ikiwa E ni sifuri kila mahali, umefunga wiki na unaweza kulala. Ikiwa si sifuri, sogeza macho kwenye miamala ya wiki hiyo peke yake, siku saba tu, utafute. Ukisubiri mwezi uishe utakuwa unatafuta tuktuk ya wiki tatu zilizopita, na hakuna binadamu anayeikumbuka.

Kwa M-Pesa na benki usikubali tofauti hata ya shilingi tano, kwa sababu ushahidi upo. Piga *334# uombe taarifa kamili, au uitoe kwenye programu ya M-Pesa. Inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa, na namba ya kuifungulia inakuja kwa ujumbe. Kila shilingi imo. Kwa noti, sikudai hivyo. Mwisho wa wiki Taslimu ikipungukiwa na 180, andika mstari mmoja: Taslimu, -180, aina Haijulikani. Usigawe kwa kukisia ili nauli na chakula vionekane vimekamilika. Acha Haijulikani iwe na jumla yake kila mwezi. Mwezi wa kwanza itakushtua, na mshtuko huo una faida, maana zile 4,300 zilikupita bila jina.

Hapo Mwalimu utaniuliza kuhusu Fuliza, kwa nini nimeiita akaunti. Ukikopa, taarifa ya M-Pesa inaonyesha pesa ikiingia, na mtu akiiandika kama mapato anajidanganya. Iandike kama hamisho kutoka Fuliza kwenda M-Pesa, na salio la Fuliza litashuka chini ya sifuri. Hilo ndilo deni, limekaa mahali pa kuonekana. Ukilipa, ni hamisho la kurudi. Kisichorudi ni bei ya kukopa. Mwezi wa pili ulichukua jumla ya 3,500 ukalipa 3,863, kwa hiyo 363 ni gharama na inaandikwa hivyo kwenye akaunti ya Fuliza. Shilingi 363 kwa mkopo wa siku chache: uione imeandikwa peke yake, kisha uamue mwenyewe kama mwezi ujao utaichukua tena.

Chama nacho ni akaunti, na hapa ndipo akina mama wengi wanajiona matajiri kwa mwezi mmoja na maskini kwa miezi minne. Zile 20,000 uliziandika kama mapato. Mko kumi, kila mmoja 2,000, zamu yako ilikuwa ya tatu. Hadi siku hiyo ulikuwa umechanga 6,000. Ukapokea 20,000. Ukiwa umeandika kila mchango kama hamisho kwenda Chama na ile zamu kama hamisho kutoka Chama, akaunti hiyo leo inasoma -14,000. Hizo ni zamu saba zilizobaki mara 2,000, yaani pesa za wenzako ulizo nazo mkononi, ambazo utazirudisha kidogo kidogo hadi duru iishe. Anayepokea wa kumi ana hali iliyo kinyume: wiki zote hizo Chama kwake kinasoma juu ya sifuri, kwa kuwa ni akiba yake inayowasubiri wengine. Chama ni kitu kizuri na sikuambii utoke. Nataka tu mapato yako ya mwezi wa tatu usome jinsi yalivyokuwa: 62,800.

Na hata hizo 62,800 zina mauzo ya Kibuye ndani yake, na mauzo si faida. Hili ndilo lililonikalisha jioni ya pili, kwa sababu maelezo uliyoandika pembeni ya kila Jumapili yalinitosha kufuata robota moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulilinunua 14,500. Jumapili ya kwanza, wateja walipochagua kamera, yaani nguo bora zaidi, uliuza 7,200. Ya pili 4,900. Ya tatu 2,600. Ya nne, zikiwa zimebaki fagia, yaani zile za mwisho zisizochaguliwa, 1,150. Jumla 15,850. Usafiri, ushuru na wa kukubebea kwa Jumapili hizo nne vilikuwa 1,480. Toa: robota hilo lilikula hasara ya shilingi 130. Lakini Jumapili ile ya kwanza ulirudi Nyalenda na 7,200, na siku hiyo hiyo kuna mstari wa manunuzi ya nyumbani wa 3,000. Ulitumia mtaji ukidhani ni faida, na nakuelewa kabisa, maana noti zilikuwa mkononi na hakuna kitu kilichokuambia vingine.

Ndiyo sababu ya safu ya tano. Kila robota lipe namba, R1, R2, R3, na kila kitu kinacholihusu, bei ya kununua, usafiri, ushuru, mauzo, kiandike na namba hiyo. Kisha:

=SUMIFS(Miamala!C:C,Miamala!E:E,"R1")

Ikiwa chini ya sifuri, robota bado halijajilipa, na pesa iliyo mkononi ni ya kununulia jingine. Ikivuka sifuri, kinachoongezeka kuanzia hapo ndicho chako. R2 uliyofungua Jumapili ya tatu imeshaleta 8,750 na uliinunua 13,000, kwa hiyo bado inadaiwa 4,250 pamoja na gharama zake. Baada ya marobota matano au sita utaanza kuona ni aina gani ya nguo inakulipa na ipi inakuchosha bure, jambo ambalo hakuna mtu Kibuye anayeweza kukuambia kwa niaba yako. Wala usijaribu kuandika kila blauzi sokoni huku wateja wamekuzunguka. Hesabu noti za chenji unapofika, hesabu unapofunga, ongeza zilizoingia kwa simu na ulizotumia hapo hapo, andika mauzo ya siku mstari mmoja wa noti na mmoja wa simu. Yatosha.

Ukurasa wa tatu ni Muhtasari, wa kusoma tu, na huu ndio utafanana na zile shiti zako za zamani. Safu ya A ina aina za matumizi. Mstari wa kwanza, kuanzia B1, una tarehe ya kwanza ya kila mwezi: 1/4, 1/5, 1/6. Kwenye B2 unaandika fomula hii mara moja, unaiburuta kulia na chini:

=SUMIFS(Miamala!$C:$C,Miamala!$D:$D,$A2,Miamala!$A:$A,">="&B$1,Miamala!$A:$A,"<"&EDATE(B$1,1))

Kwa maneno: jumlisha kiasi cha kila mstari wenye aina hii, wenye tarehe kuanzia siku ya kwanza ya mwezi huu hadi kabla ya siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Alama ya dola inazuia safu au mstari usihame unapoburuta. Hamisho usiliweke kwenye Muhtasari.

Aina zisizidi kumi na mbili. Ulikuwa na ishirini na saba, ukiwa na "mboga" peke yake na "matunda" peke yake, na ndiyo maana kuandika kulikuchosha. Na aina usiziandike kwa mkono. Zipange kwenye ukurasa wa pembeni, kisha kwenye safu ya D weka orodha ya kuchagua. SUMIFS haijali herufi kubwa na ndogo, lakini "Nauli" yenye nafasi moja ya wazi mwishoni ni kitu kingine kabisa kwake, na itaiacha nje bila kukuambia.

Tarehe nayo ina mtego. Kwenye Google Sheets, fungua mipangilio ya faili kabla hujaandika chochote na kwenye sehemu ya nchi uchague inayotanguliza siku, kama Uingereza (United Kingdom). Faili nyingi huanza zikiwa za Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, kwa hiyo 4/3 yako inaweza kusomwa tarehe 3 Aprili. Jaribu kwa kuandika 25/3. Ikikaa upande wa kulia wa kisanduku, imeeleweka kuwa tarehe. Iking'ang'ania kushoto, kompyuta inaiona kama maneno tu, na hakuna fomula ya mwezi itakayoigusa.

Programu yoyote itafaa: Excel, LibreOffice ya bure, au Google Sheets. Kwako nachagua Google Sheets kwa sababu mbili. Unaweza kuandika kwa simu ukiwa kwenye tuktuk, hata bila bando, ukiwa umeruhusu faili ipatikane nje ya mtandao. Ya pili ni historia ya matoleo, yaani faili ilivyokuwa siku zilizopita, na thamani yake niliijua kwa kuikosa. Mwaka 2014, hapa Nakuru, nilikuwa naweka hesabu za kikundi cha akiba kwenye faili ya Excel. Jioni moja nilitaka majina yapangwe kwa alfabeti. Nikachagua safu ya majina peke yake, nikapanga, nikahifadhi, nikaenda nyumbani. Majina yalihama, michango ikabaki palepale. Wiki mbili baadaye mama mmoja akaja na kitabu chake cha wanachama, akakiweka mezani karibu na kompyuta, na akiba yake ya miaka miwili ilikuwa kwenye jina la mtu mwingine. Alikuwa mtulivu, na utulivu wake uliniumiza kuliko angepiga kelele. Nilitumia usiku tisa kurudisha kila kitu kwa risiti za karatasi. Kwa hiyo, Mwalimu, usipange safu moja peke yake kamwe. Chagua jedwali zima, au usipange kabisa. Muhtasari haujali mpangilio. Na ikitokea, fungua historia ya matoleo urudi jana.

Mshahara uandike unavyoingia mkononi, mstari mmoja kwa mwezi. Hati ya mshahara iangalie mara moja kwa muhula: 2.75 kwa mia ya SHIF (bima ya afya) na 1.5 kwa mia ya tozo ya nyumba hukatwa kwenye mshahara kabla ya makato, kwa hiyo mwenye 52,000 aone 1,430 na 780. Kama unakatwa mkopo wa SACCO huko huko, kumbuka Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kama makato yako yamefika karibu na hapo, niandikie kwa upande.

Karo ndiyo niliyoiacha mwisho kwa sababu ina haraka. Umesema 40,000 kwa mwaka, zikigawanywa 50, 30 na 20 kwa mia: 20,000 Januari, 12,000 muhula wa pili, 8,000 wa tatu. Kwa mwaka mzima, 3,350 kila mwezi zinatosha. Ukishalipa Januari, miezi minne inaleta 13,400, unalipa 12,000. Minne inayofuata inaleta 14,800 pamoja na masalio, unalipa 8,000. Kufikia Desemba una 20,200. Lakini wewe unaanza sasa, na muhula wa pili unafunguliwa wiki chache zijazo. Hizo 12,000 shiti haitazizaa. Zitatoka kwenye mshahara wa Aprili, na ningekushauri umwone mhasibu wa shule mapema upange kulipa mara mbili kuliko kuingia Fuliza tena au kuuza R2 kwa hasara. Kuanzia Mei weka 3,500 kila mwezi hadi Desemba: Agosti utakuwa na 14,000, ulipe 8,000, ubaki na 6,000, na Desemba utakuwa na 20,000 kamili. Januari ukishalipa, shuka hadi 3,350. Pesa hiyo ikae mbali na M-Pesa, kwenye akiba ya kufunga ya M-Shwari au kwenye SACCO yako, maana Fuliza ikiwa inakudai inakata chochote kinachoingia kwenye simu, karo ikiwemo.

Usijaribu kurudisha mwezi wa tatu kwenye shiti mpya. Jumapili hii ukitoka Kibuye, kabla ya kupika, soma salio la simu, la benki, hesabu noti, andika namba hizo kwenye safu ya B. Chama weka -14,000 kama hamjachanga tena tangu zamu yako, Fuliza sifuri kama haijarudi. Mtaji wa R2 uliobaki usiuongeze popote kama pesa, ila andika mistari miwili ya zamani ya R2 kwa akaunti utakayoiita Mwanzo, -13,000 na 8,750, ili hesabu ya robota ikamilike bila kugusa salio la M-Pesa wala la Taslimu. Mistari hiyo ipe tarehe ya Machi ili isiingie kwenye Muhtasari wa Aprili. Kisha kila Jumapili jioni, dakika ishirini, hadi safu ya E iwe sifuri.

Wiki ikikataa kufunga, nitumie mistari ya wiki hiyo na salio zako. Ila kwanza futa majina na namba za simu za watu uliowatumia pesa, na kiungo cha faili usikiache wazi kwa kila mwenye nacho.